Matone hayazibui mfereji wa machozi

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miezi 4. Tangu akiwa na wiki 2 jicho la kushoto linatoka machozi hata asipolia, na asubuhi anaamka kope zimegandana kwa tongotongo. Jicho lenyewe si jekundu. Mama mkwe alisema nimkamulie maziwa ya ziwa, nikafanya. Duka la dawa wamenipa matone aina 3. Linatulia siku mbili tatu, kisha linarudi vilevile. Hakuna dawa yenye nguvu zaidi?
Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba. Hiyo yenye nguvu zaidi usiitafute, hata hizo 3 zimezidi. Kwa maelezo yako, njia ya machozi imeziba.

Mvute mtoto kope ya chini taratibu: kwenye kona ya karibu na pua utaona kitundu kidogo mno, kama kimetobolewa kwa sindano. Kope ya juu nayo ina chake. Machozi huingia humo, hufika kwenye kifuko kando ya pua, kisha hushuka kwa mfereji hadi puani. Ndiyo maana anayelia hupenga kamasi, na aliyetiwa dawa jichoni huisikia uchungu kooni. Watoto wengine huzaliwa mwisho wa mfereji ukiwa bado umezibwa na utando mwembamba. Machozi yanatuama, bakteria wanazaliana, tongotongo linatoka. Matone hupunguza bakteria. Utando uko palepale. Chupa ikiisha, unarudi dukani.

Kanda. Kata kucha, nawa mikono, weka ncha ya kidole kwenye ile kona, bonyeza kiasi, kisha shusha kidole ukifuata ubavu wa pua. Fanya hivyo mara 10, kutwa mara 3 au 4. Usaha ukichomoza juu usiogope. Ufute kwa pamba safi na maji yaliyochemshwa yakapoa. Wengi hufunguka kabla ya kutimiza mwaka. Asipofunguka, daktari wa macho hupitisha kijiti chembamba cha chuma akazibua.

Maziwa ya ziwa ni chakula, mnyonyeshe.

Sasa soma maboksi ya hayo matone. Ukikuta dexamethasone, betamethasone au prednisolone, acha, na uende nayo kliniki ya macho. Dawa hizi huondoa wekundu upesi, kwa hiyo muuzaji anasifiwa. Zikitumika muda mrefu hupandisha presha ya jicho, zikaleta glakoma (presha hiyo huua mshipa wa kuona) na mtoto wa jicho. Penye kidonda cha fangasi zinaweza kupofusha kabisa. Na chupa hiyohiyo anauziwa kila anayetokwa machozi: bibi ambaye kope zimepinda ndani kwa trakoma (ugonjwa wa macho wa kuambukiza) na zinakwangua jicho kila akipepesa, fundi mwenye chembe ya chuma, karani ambaye macho yake ni makavu (ndiyo, jicho kavu hukereketwa likamwaga machozi). Muuzaji hajalimulika jicho hata moja kati ya hayo. Anajuaje?

Kukanda nako kuna mipaka. Kichanga cha chini ya mwezi 1 mwenye kope zilizovimba na usaha mwingi apelekwe hospitali siku hiyohiyo: huenda ni kisonono alichokipata wakati wa kuzaliwa, nacho hutoboa jicho haraka. Mtoto anayekimbia mwanga, au jicho lake linaonekana kubwa au lina ukungu, huenda ana glakoma. Na kona ya jicho ikivimba ikawa nyekundu na kuuma, usiibonyeze tena. Hao wote wanahitaji daktari, si duka.