Kwa nini UCAA haikagui helikopta za jeshi?

Ndugu, umeuliza kwa nini UCAA, mamlaka ya usafiri wa anga wa kiraia Uganda, isizisimamishe helikopta za UPDF, yaani jeshi letu, hadi zikaguliwe. Haina mamlaka hayo. Mkataba wa Chicago wa 1944, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, ibara ya 3, unahusu ndege za kiraia tu. Za jeshi, forodha na polisi ziko nje. Kwa hiyo jeshi hujikagua lenyewe, na hapo ndipo penye kasoro, maana anayetaka ndege iruke kesho asubuhi ndiye bosi wa fundi anayepaswa kusema "hairuki".

Waingereza walilipia somo hili. Septemba 2006 ndege yao ya kijeshi, Nimrod XV230, ilishika moto Afghanistan muda mfupi baada ya kujazwa mafuta angani: mafuta yalivuja, yakafikia bomba lenye joto kali, wakafa 14. Uchunguzi wa wakili Charles Haddon-Cave wa 2009 ukaanika uzembe wa miaka, na 2010 ikaundwa MAA, mamlaka ya usalama wa anga za kijeshi. Iko ndani ya wizara ya ulinzi, lakini makamanda wa vikosi hawaiamrishi.

Sisi Uganda tulipoteza helikopta tatu za kivita aina ya Mi-24 Mlima Kenya, Agosti 2012, zikielekea Somalia. Kurekebisha kasoro hii, mimi ningeanza na kuchapisha ripoti za ajali, siri za vita zikiondolewa.