Tenga mbegu kwanza, ndipo ujaribu

Ndugu, nimekuelewa: una akiba ya miaka kadhaa, unataka kuacha kazi uitie yote kwenye biashara moja, na unauliza wakulima wa kale wangefanyaje.

Wasingekubali. Uingereza ya karne ya 13, wakulima wengi hawakuwa na shamba moja bali vipande vyembamba vilivyotawanyika huku na kule kijijini. Usumbufu mtupu, kuswaga ng'ombe na plau kutoka kipande hadi kipande. Lakini maji yakituama bondeni, cha mwinukoni kinapona. Na ngano ilirudisha takriban punje 4 kwa 1 iliyopandwa, kwa hiyo karibu robo ya mavuno ilikuwa ya kupanda mwakani, haiguswi hata ghala likikaribia kuwa tupu.

Nawe tenga kwanza chakula, kodi na mtaji wa kuanzia upya. Kinachobaki ndicho cha kujaribia, kidogo kidogo, ukiwa bado kazini. Mkopo wa kujazia pengo achana nao. Deni halingoji msimu. Kama tayari unadaiwa, muone mshauri wa fedha mwenye leseni kabla hujaandika barua ya kuacha kazi.