Usiandike herufi chini ya noti

Swali la wiki liliuliza iwapo mtu mzima asiyewahi kusomea muziki anaweza kujifunza kusoma noti za mistari mitano, na aanzie wapi. Anaweza, ila mimi nilianza vibaya: kwa miezi kadhaa niliandika kwa penseli herufi ya kila noti chini yake nikidhani ninasoma muziki, kumbe nilikuwa nikisoma mwandiko wangu. Siku nilipopewa ukurasa wa noti usioandikwa herufi, sikuambulia kitu.

Kilichonikwamua ni kuacha kuiuliza kila noti jina lake, nikaanza kutazama umbali wake na ile iliyoitangulia. Ufunguo wa G, ile alama kubwa iliyo mwanzoni mwa mistari, hujikunja kuuzunguka mstari wa pili kutoka chini, na noti ya mstari huo ni G. Ukishaishika hiyo moja, nyingine huhesabiwa kutoka kwake, kwa kuwa kutoka mstari hadi nafasi inayofuata, yaani pengo kati ya mistari, ni hatua moja, na kutoka mstari hadi mstari ni kuruka noti moja. Anayejua do, re, mi ana mtaji mkubwa kuliko anavyodhani. Do ikikaa mstarini, mi na so hukaa katika mistari miwili inayofuata juu yake. Ikikaa katika nafasi, zote tatu hukaa katika nafasi. Kuipata do nako si kubahatisha: katika wimbo wa meja, yaani ule unaotulia kwenye do, ulioandikwa shapu (♯) mwanzoni karibu na ufunguo, shapu ya mwisho kulia ndiyo ti, na do iko hatua moja juu yake; penye flati (♭), ya mwisho ndiyo fa, nawe unahesabu kushuka hadi do. Pasipo na alama yoyote, do ni C.

Mapigo niliyatenga kabisa. Kabla ya kuimba nilipiga makofi tu, nikihesabu noti nyeupe isiyo na kijiti mapigo manne, nyeupe yenye kijiti mawili, nyeusi moja, na nyeusi yenye mkia mmoja nusu. Nilikosea zaidi kwenye alama za kimya kuliko kwenye noti zenyewe, pengine kwa sababu jicho hukimbilia palipo na sauti.

Tahadhari yangu ya mwisho ni kwamba mazoezi yafanywe kwa vipande usivyovijua. Nyimbo nilizozihifadhi kichwani zilinidanganya kwa muda mrefu, maana sikio lilitangulia, na jicho likabaki nyuma likijifanya linasoma.