Maswali ya wasomaji: "OK" imetoka wapi, na mgeni akiitamka ana maana gani?

SWALI: Ninasaidia kuongoza wageni mlimani. Mgiriki mmoja aliniambia OK ni neno la kwao, kisha Mmarekani akasema ni la wenyeji asilia wa Marekani. Nani mkweli? Na hili pia: mgeni anatapika huku anasema "I'm OK". Nimwamini? (Msomaji, Soweto, Moshi)

JIBU: Wote wawili wana pa kushika, lakini wamekosea. Kigiriki kina "ola kala", yaani mambo yote mazuri. Wachoctaw, wenyeji asilia wa Marekani, wana "okeh", na Rais Woodrow Wilson wa Marekani aliamini asili hiyo kiasi cha kuandika neno kwa tahajia hiyohiyo. Yupo pia mwanaisimu David Dalby, aliyependekeza "waw kay" ya Kiwolofu, lugha ya Afrika Magharibi. Hilo la tatu tungelipenda liwe kweli. Shida ni kwamba maneno kufanana kwa sauti si ushahidi wa ukoo, na maandishi ya mwanzo yanatupeleka kwingine.

Yanatupeleka Boston. Tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post lilichapisha "o.k." na papo hapo likaeleza kuwa maana yake ni "all correct", yote ni sahihi. Herufi hazilingani na maneno, na hiyo ilikuwa makusudi. Waandishi wa magazeti ya huko walikuwa na mtindo wa kuharibu tahajia kwa utani, kisha kufupisha walichokiharibu: "oll korrect" ikawa o.k., na "all right" ikawa o.w., kutoka "oll wright". Wanaoandika "xaxa" kwenye simu wangeelewana nao vizuri.

Vifupisho vingi vya aina hiyo vilikufa. OK iliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, New York, aligombea tena, na wafuasi wake wakamwita Old Kinderhook na kuunda O.K. Club. Wapinzani nao wakazusha kwamba Andrew Jackson, rais aliyemtangulia, alikuwa akiidhinisha hati kwa "O.K." kwa sababu hakujua tahajia. Ulikuwa uzushi mtupu, ila uliitangaza OK kuliko tangazo lolote. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison. Neno likabaki midomoni mwa watu. Aliyefukua ushahidi huu ni Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, katika makala zake za 1963 na 1964.

Sasa mgeni wako anayetapika. Usimwamini. Siku hizi OK haithibitishi kwamba yote ni sahihi. Mara nyingi inasema tu "sina pingamizi". Kwa mtu aliyelipa fedha nyingi na anayekiona kilele cha Uhuru kiko karibu, "I'm OK" inaweza kuwa njia ya kusema "usinirudishe". Kosa liko kwenye swali: "Are you OK?" linampa jibu kabla hajafikiri. Uliza mambo manne, moja moja: kichwa kinauma? Tumbo likoje, amekula, anahisi kutapika? Amechoka au kuishiwa nguvu kiasi gani? Ana kizunguzungu? Kila jibu lipe alama 0 hadi 3, kuanzia hakuna hadi kali sana. Hiki ndicho kipimo cha Lake Louise. Mtu aliyepanda karibuni, akiwa na maumivu ya kichwa na jumla ya alama 3 au zaidi, ahesabiwe ana ugonjwa wa mwinuko, yaani wa kupanda juu sana. Kutapika peke yake kunaanzia alama 2, kwa hiyo kichwa kikiuma hata kidogo tu, 3 zimetimia. Asipande zaidi mpaka dalili ziishe, zikizidi, ashushwe.

Kuna dalili mbili zisizongoja hesabu. Mtembeze kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma: akiyumba kama mlevi, huenda ubongo umeanza kuvimba. Akihema akiwa amekaa tu, huenda mapafu yanajaa maji. Hapo ni kushuka mara moja, hata usiku wa manane, na asiachwe peke yake.

SWALI: Nahudumu hotelini. Nikimwuliza mgeni "More coffee?" anajibu "I'm OK". Nikimimina, ananuna. Kwa nini? (Msomaji, Sakina, Arusha)

JIBU: Kwa sababu amekataa. Unapompa mtu kitu, "I'm OK" au "I'm good" ni "asante, inatosha". Anayetaka atasema "Yes, please". Jihadhari pia na "The food was OK": hiyo si sifa, ni "cha kawaida tu", na akiongeza "just" mbele ya OK, mpishi aambiwe. Lakini ukiomba radhi akajibu "That's OK", yameisha.

SWALI: Niandike OK, O.K. au okay? Na ile alama ya vidole? (Msomaji, Kiborloni, Moshi)

JIBU: Zote tatu ni sahihi, mradi ushike moja hadi mwisho wa andiko. Kwa kitenzi, "okayed" ni nyepesi kuliko "OK'd". Kwenye barua rasmi acha zote, andika "approved" au "agreed". Alama ya kidole gumba na cha shahada kufanya duara iepukeni mbele ya wageni msiowajua: kwa Wafaransa inaweza kuwa sifuri, kwa Wabrazili ni tusi. Chini ya maji mambo hugeuka. Mzamiaji hutumia duara hilo kusema yuko salama, na akiinua kidole gumba anamaanisha "napanda juu". Anayepeleka wageni kuzamia Zanzibar baada ya mlima awaeleze kabla hawajaingia majini.