Saa ya Kutoka Nairobi

Safari nyingi za kujivinjari huharibikia hapa hapa Nairobi, kabla gari halijapita Uthiru. Watu hutafuta hoteli wiki tatu nzima, lakini saa ya kuondoka wanaiacha ijipange yenyewe. Ukitoka Ijumaa saa kumi na moja jioni kwenda Naivasha, utaukuta msururu wa magari ya wanaokwenda mashambani, na lile Bonde la Ufa utalipita gizani, mbele yako taa za nyuma za lori tu. Toka Jumamosi saa kumi na mbili alfajiri. Ni kilomita 90 hivi, na saa mbili na nusu unaweza kuwa umeketi Naivasha na chai na mandazi. Kama kazi inakuruhusu, nenda Jumanne au Jumatano shule zikiwa zimefunguliwa. Wikendi ndefu za Madaraka, Mashujaa na Jamhuri zina raha yake, ila nauli za matatu hupanda na vyumba hujaa.

Njia ni mbili. Ya juu hupitia Limuru na Kinungi, ya chini huteremka hadi Mai Mahiu. Ya chini ndiyo yenye mandhari ya kusimamisha pumzi, pamoja na kile kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Hata hivyo ina malori mengi, na mvua za Aprili na Mei zikinyesha sana, pita juu.

Anayesafiri mara ya kwanza bila gari lake aanze na Hell's Gate, mbuga ambayo unaruhusiwa kutembea kwa miguu na kwa baiskeli katikati ya punda milia, twiga na ngiri. Ukifika Naivasha mjini, panda matatu za barabara ya kusini mwa ziwa zinazoelekea Kongoni, ushuke kwenye njia panda ya geti la Elsa. Kiingilio kilipie eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali, jana yake ukiwa nyumbani, upige picha risiti kwenye simu. Getini mtandao unaweza kukuangusha. Beba kitambulisho chenyewe, ndicho kinachokupa bei ya raia.

Baiskeli za kukodi zinapatikana hapo njia panda na getini. Usilipe kabla ya kuikagua. Inua gurudumu la mbele, lizungushe: likigusa breki kila linapozunguka, hilo limepinda. Shika breki zote mbili uisukume baiskeli mbele. Magurudumu yakiendelea kuzunguka, irudishe. Bonyeza tairi kwa kidole gumba, inapaswa kubonyea kidogo tu. Endesha mita 50 ukibadilisha gia zote, kwa sababu vumbi la mle ni jivu la volkano, linalokula mnyororo, na mnyororo uliochakaa huruka meno pale pale unapopanda kilima. Panga kiti: kisigino kikiwa kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kisha omba pampu, na uandike namba ya simu ya mwenye baiskeli.

Kutoka geti la Elsa hadi kwenye korongo, ule mfereji mwembamba wenye kuta za mwamba, ni kama kilomita 8. Fuata alama za magurudumu ya magari, pale udongo umeshindiliwa. Ukiingia kwenye vumbi laini, gurudumu la mbele huzama na kuyumba. Wengi hapo hukamata breki ya mbele kwa hofu na kuanguka. Acha breki, kanyaga taratibu, litatoka lenyewe. Simama kwenye Fischer's Tower, mwamba wa mita 25 hivi, uwaangalie pimbi wakiota jua. Nyati ukimwona karibu na njia, ngoja mbali mpaka aondoke. Chakula kikae ndani ya mkoba uliofungwa zipu, maana nyani wa mahali pa kupumzikia wanaujua mfuko wa plastiki kwa sauti yake. Maji lita 2 kwa kila mtu, hata kama asubuhi ni baridi.

Hapa nakuomba unisikilize sana. Aprili 2012, na tena Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliua wageni ndani ya korongo lile. Mvua hunyesha juu kwenye vilima huku chini jua likiwaka, na kuta zimekaribiana, kwa hiyo maji hushuka yakiwa yamejaa bila mahali pa kukimbilia. Waulize askari wa wanyamapori kama korongo limefunguliwa siku hiyo. Wingu jeusi likionekana upande wowote, usishuke.

Boti ziwani ipande asubuhi. Jina Naivasha limetokana na Kimaasai, Nai'posha, maji yanayochafuka, na alasiri upepo ukianza utajua walioliita ziwa hivyo walikuwa wanaona nini. Patana bei ya boti nzima na muda wake kabla ya kupanda, vaa jaketi la kuokolea likiwa limefungwa, na umkataze nahodha kusogelea viboko kwa ajili ya picha.

Kwa Mombasa, panda treni mchana. Nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 Januari 2024, na bado inafaa. Treni ya saa tisa alasiri hukufikisha Tsavo jua likiwa limelegea, wakati tembo, wekundu kwa vumbi la kule, wanapotoka vichakani. Fika kituo cha treni cha Syokimau saa nzima mapema: mizigo hukaguliwa, na barabara ya Mombasa haina huruma.

Malazi ni mafupi kueleza. Uliza kama bei ni ya chumba au ya kila mtu, na kama kiamshakinywa kimo. Ukituma kianzio kwa M-Pesa, jina linalotokea lifanane na la hoteli. Likiwa la mtu binafsi, piga simu kwanza.

Kila jioni andika mistari mitano daftarini: samaki alikuwa shilingi ngapi, upepo ulitoka wapi, neno gani jipya umesikia, jina la mahali lina maana gani. Mai Mahiu, kwa mfano, ni maji moto kwa Kikuyu. Picha hazihifadhi harufu ya vumbi lililonyeshewa wala bei ya samaki, na miaka kumi baadaye hayo ndiyo watoto watakayouliza.

Jumapili ondoka Naivasha kabla ya saa sita mchana, jioni barabara hujaa. Pita njia ya juu usimame Soko Mjinga ununue viazi na njegere, na mfuko wa viazi mwombe mama muuzaji aumwage, uone vya chini vikoje.