Sababu za Kuacha Pombe Zitoke Kinywani Mwake

Mwambie mnywaji wa chang'aa, "Acha pombe, unawaangamiza watoto," uone atakavyoitetea. Na kadiri anavyoitetea ndivyo anavyozidi kujiaminisha. Katika kazi yangu ya unasihi hapa Kisumu nimeyaona hayo Obunga, Manyatta na Nyalenda. Kwa hiyo nawasihi jamaa: sababu za kuacha azitaje yeye, si nyinyi.

Mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, aliieleza njia hii mwaka 1983, kisha akaikuza pamoja na Stephen Rollnick. Mzungumze akiwa hajalewa, kabla hajapita kwa mama pima, yule anayeuza chang'aa.

Swali ninalolitegemea sana ni hili: "Baba, kutoka sifuri hadi kumi, kupunguza pombe kuna umuhimu kiasi gani kwako?" Tuseme ni mtu wa boda boda, naye anajibu nne. Ukimuuliza mbona si tisa, atakuhesabia vikwazo: marafiki, madeni, mawazo. Uliza, "Mbona nne, si moja?" Hapo atatafuta sababu zake. "Asubuhi mikono inatetemeka, naogopa kubeba abiria." Usiparamie nafasi hiyo kwa nasaha. Mrudishie alichosema: "Unahofia usalama wa abiria wako." Halafu nyamaza. Najua kunyamaza kunauma, hasa kwa mke aliyeteseka miaka mingi, lakini mara nyingi hapo ndipo linapotoka lile zito zaidi: "Hata mtoto wangu hataki nimpeleke shule."

Ukiwa na la kumfahamisha, omba ruhusa: "Naweza kukueleza ninachojua kuhusu huko kutetemeka?" Akikubali, mweleze wazi kwamba anayekunywa kila siku na kutetemeka asubuhi asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa unaweza kushikwa na kifafa au kuchanganyikiwa katika siku chache za kwanza, na watu hufa. Aanzie hospitalini, apewe dawa na aangaliwe. Hili jamaa walijue hata kama yeye hataki kusikiliza. Namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, hupigwa bure, mchana na usiku.

Akisema bado hayuko tayari, mwambie uamuzi ni wake, nawe umaanishe hivyo. Muulize kama mnaweza kuzungumza tena wiki ijayo, na siku aichague mwenyewe.