Kichwa hakikamati: maswali yenu kuhusu kusahau wakati wa matibabu ya saratani

Maswali yaliyotufikia safari hii yanatoka kwa wagonjwa walio katikati ya matibabu marefu na kwa ndugu wanaowauguza. Tumeyafupisha na kuondoa majina.

Nina miaka 44. Nilimaliza dripu za saratani ya matiti na sasa nameza tamoxifen, vidonge vya kuzuia saratani isirudi. Nasahau majina ya watu ninaowajua mpaka nitajiwe herufi ya kwanza, naingia dukani sijui nilifuata nini. Je, ndiyo ugonjwa wa kusahau wa wazee umeanza mapema? (Morogoro)

Kwa unavyoeleza, dada, hapana. Katika ugonjwa ule kumbukumbu yenyewe hufutika, na hata ukimdokeza mtu haimrudii. Wewe ukitajiwa herufi ya kwanza, jina linakuja. Kinacholegea kwa watu walio kwenye matibabu ni umakini, kasi ya kufikiri, na uwezo wa kushika mambo mawili matatu kichwani kwa wakati mmoja. Mtu anakuambia "lete vitunguu, chumvi na kiberiti" huku mtoto analia. Maneno yanapita sikioni bila kuingia. Halafu unajilaumu umesahau, kumbe hakuna kilichowekwa cha kusahauliwa. Ndiyo maana dawa ya hali hii, kwa sehemu kubwa, ni kulinda ile dakika ya kupokea jambo: geuka, mtazame anayesema, rudia kwa sauti, kisha andika.

Dripu huchangia, na kushuka kwa homoni ya estrojeni huchangia pia. Joto la ghafla usiku likikuamsha mara tatu, asubuhi huwezi kuwa na kichwa chepesi. Baada ya dripu ya mwisho, wengi hupata nafuu ndani ya miezi sita hadi mwaka. Baadhi hubaki na hali hii kwa miaka. Tamoxifen humezwa miaka 5 hadi 10, kwa hiyo tafadhali usiiache kimyakimya. Mweleze daktari habari ya joto na usingizi, kwani vina tiba. Na ukiandikiwa dawa ya sonona popote, taja kwamba unameza tamoxifen. Baadhi ya dawa hizo, kama fluoxetine na paroxetine, huipunguzia nguvu.

Kila nikilalamika naambiwa ni matibabu tu, nivumilie. Kweli hakuna kipimo? (Mombasa)

Hakuna kipimo cha damu kinachosema "huyu amepungukiwa umakini kwa sababu ya kemo (dawa kali za saratani)". Lakini vipo vipimo vya mambo mengine yanayoleta hali ileile, na mengi yanatibika. "Vumilia" lije baada ya hayo kuangaliwa.

Omba yatazamwe haya: wingi wa damu, kwa sababu hemoglobini ikishuka ubongo nao huchoka, homoni ya tezi ya shingo, hasa kama ulipigwa mionzi ya shingo, chumvi za damu, yaani sodiamu na kalsiamu, sukari, ambayo hupanda kwa dawa za steroidi, na vitamini B12, hasa kama ulikatwa tumbo la chakula au unatumia metformin ya kisukari siku nyingi.

Kisha dawa zenyewe. Tia kila unachomeza kwenye mfuko mmoja, pamoja na vya duka la dawa la mtaani na vya mitishamba, upeleke kliniki. Mara nyingi mkosaji anapatikana humo: Piriton ya mafua, promethazine ya kichefuchefu, amitriptyline ya ganzi miguuni, diazepam ya usingizi, tramadol ya maumivu. Kila moja ina sababu yake, lakini tatu zikikutana kwa mtu mmoja zinatosha kumfanya atembee kama amelala. Usizikate mwenyewe, diazepam na dawa za maumivu zikikatwa ghafla huleta matatizo mengine. Dexamethasone, mojawapo ya steroidi, ina kasoro nyingine: ikimezwa jioni inafukuza usingizi. Uliza kama dozi inaweza kumezwa asubuhi, na ya pili, kama ipo, isivuke saa nane mchana.

Anayetumia pia dawa za VVU, jambo la kawaida kwa wenye saratani ya mlango wa kizazi, aseme. Efavirenz huleta kizunguzungu na ndoto nzito, na dolutegravir huweza kuvuruga usingizi. Kwa dolutegravir, mara nyingine kuhamishia dozi asubuhi kunatosha.

Baba anatibiwa saratani ya utumbo mpana kwa capecitabine, anameza nyumbani. Jana hakukumbuka kama amemeza, akameza tena. Tufanye nini? (Mwanza)

Pigeni simu kliniki au mwende leo, msingoje aharishe au atoke vidonda mdomoni. Waambieni idadi ya vidonge na saa alizomeza.

Kuanzia kesho, swali "nimemeza?" lijibiwe na kitu kinachoonekana, lisiachiwe kichwa cha mzee. Capecitabine kwa kawaida humezwa asubuhi na jioni, ndani ya dakika 30 baada ya kula, kwa siku 14, kisha mapumziko ya siku 7. Hakikisheni kwanza kwamba ratiba ya baba ndiyo hiyo. Chukueni vijibahasha 28 vya dawa, andikeni namba ya siku na "asubuhi" au "jioni". Kateni karatasi ya vidonge kwa mkasi bila kuvitoa kwenye vifuko vyake, kwa sababu dawa hii haishikwi ovyo kwa mikono mitupu, haivunjwi wala kusagwa. Tieni dozi kamili kwenye kila bahasha. Bahasha tupu ni ushahidi kwamba amemeza. Msiitupe mpaka mzunguko uishe. Kisanduku cha plastiki chenye vyumba vya siku saba kinafaa kwa dawa za presha na kisukari, lakini dawa ya saratani ikae peke yake.

Akikosa dozi, iacheni, aendelee na inayofuata kwa wakati wake. Asimeze mbili kufidia. Kosa baya zaidi tunaloliona si kuruka dozi moja bali kusahau wiki ya mapumziko na kuunganisha mizunguko. Kwa hiyo kwenye kalenda ya ukutani chorezeni siku zile saba kwa rangi nzito, na mabaki ya dawa yafungiwe.

Wenye leukemia (saratani ya damu) wanaomeza methotrexate wasome hapa mara mbili: katika matibabu hayo vidonge vyake kwa kawaida ni vya mara moja kwa wiki. Kumeza kila siku kwa makosa, kana kwamba ni mercaptopurine ya kila siku, kumewahi kuua watu. Chagueni siku moja, tuseme Jumatano, iandikwe kwenye boksi kwa herufi kubwa.

Na kengele ya simu: saa mbili usiku kwenye simu ni 20:00, au 8:00 PM. Mzee akiandika 2:00, simu itamwamsha saa nane usiku, ataizima kwa hasira, na dozi imepita. Mwekeeni nyinyi. Kengele isizimwe kabla kidonge hakijamezwa. Ukiizima ili "umalizie kidogo" kazi uliyoshika, imekwisha hiyo.

Mama ana saratani iliyofika kwenye mifupa. Tangu juzi anaongea mambo yasiyoeleweka, analala mchana kutwa, ana kiu na choo hakitoki. Ni uchovu wa dawa? (Eldoret)

Mpelekeni hospitali sasa hivi, hata kama kliniki yake ni wiki ijayo. Kiu, choo kigumu, usingizi na kuchanganyikiwa kwa mtu mwenye saratani ya mifupa ni dalili za kalsiamu kupanda kwenye damu. Hutibiwa kwa maji ya mshipani na dawa ya kuishusha, na ikicheleweshwa huharibu figo na kusimamisha moyo. Inaweza pia kuwa maambukizi, sodiamu kushuka, au morphine kuzidi mwilini. Yote hayo hayapimwi nyumbani.

Kwa wasomaji wengine: kusahau kwa matibabu huja polepole. Kuchanganyikiwa kulikoanza kwa saa au siku chache ni dharura. Vivyo hivyo degedege, udhaifu wa upande mmoja, ulimi mzito, kichwa kinachouma sana asubuhi pamoja na kutapika, au homa ya nyuzi 38 na zaidi kwa mtu anayepata kemo. Homa hiyo msiipe dawa ya malaria nyumbani mkasubiri. Na aliyechanganyikiwa msimpe dawa ya usingizi ili "apumzike".

Ni karani wa hesabu kwenye kampuni binafsi. Nilikuwa nafunga hesabu za siku kwa saa moja, sasa natumia saa tatu na bado nakosea. Nimwambie bosi? (Dodoma)

Anza na namna ya kufanya kazi. Kwa siku tano andika kila saa kichwa kilivyo: chepesi, wastani, kizito. Wengine huwa wepesi kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, na wazito siku chache baada ya dripu. Hesabu zihamishie kwenye saa zako nyepesi. Simu na kufaili zikae mchana. Fanya kazi dakika 20, simama dakika 5. Wakati wa kujumlisha, simu iwe droo, na akija mtu, kabla hujamjibu weka alama ya kalamu ulipofika. Alama hiyo ndogo ndiyo inayookoa zaidi, kwa sababu makosa mengi ya hesabu huzaliwa pale unaporudi baada ya kukatizwa. Jumla ikaguliwe baada ya mapumziko, si papo hapo. Jicho lililochoka huona lilichotarajia.

Bosi mwambie, lakini nenda na ombi lililo wazi: "Naomba kufunga hesabu asubuhi, na mwenzangu akague jumla kwa miezi mitatu." Hilo ni rahisi kukubalika kuliko "nasahau sana siku hizi", ambalo humtia mtu hofu bila kumwambia afanye nini. Ukihitaji kupumzika, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Utahitaji cheti cha daktari.

Nasali peke yangu nyumbani, nasahau nimefika rakaa ya ngapi. Inaniumiza kuliko yote. (Tanga)

Mzee wetu, fiqhi, elimu ya sheria za Kiislamu, imelitazama jambo hili kabla ya kemo kuwapo. Katika madhehebu ya Shafii anayeshuku hushika idadi ndogo aliyo na yakini nayo, hukamilisha, kisha husujudu sijda mbili za kusahau kabla ya kutoa salamu. Shaka inayokuja baada ya salamu haihesabiwi. Njia nyepesi zaidi ni kusali nyuma ya mtu: mjukuu aliyebaleghe akikuswalisha, rakaa ni mzigo wake. Usipoweza kusimama, sali umekaa. Nguvu ya kusimama isiimalize ile ya kuzingatia.

Nimeuziwa vidonge vya ginkgo vya kuongeza kumbukumbu. Vinasaidia? (Nairobi)

Ginkgo ilijaribiwa kwa wanawake waliokuwa kwenye kemo ya saratani ya matiti, ikilinganishwa na kidonge kisicho na dawa, na haikuonyesha faida. Inaweza pia kuongeza kutokwa damu, jambo la hatari wakati chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zimeshuka kwa kemo. Hifadhi fedha hiyo.

Kutembea kuna ushahidi bora zaidi, ingawa si muujiza. Anza dakika 10 asubuhi kabla jua halijawa kali, ongeza dakika 5 kila wiki mpaka ufike 30, siku tano kwa wiki. Kama damu imeshuka sana au mifupa imeguswa na saratani, uliza kwanza. Kahawa na chai ya rangi ziishie mchana. Usingizi wa mchana usizidi nusu saa, la sivyo unaukopa wa usiku.

Mke wangu ameacha jiko la gesi linawaka mara mbili. Nikimkumbusha anakasirika. (Dar es Salaam)

Huenda si kukumbushwa kunakomkera bali ni "umesahau tena?". Swali hilo halina jibu. Sema kinachotakiwa, kimoja kimoja: "Zima gesi kwenye mtungi." Akimaliza, sema la pili. Na usimjaribu kwa maswali ya "unakumbuka jana tulikula nini".

Jikoni, kengele ya simu iwekwe kabla ya kuwasha, na simu ibaki naye, hata kitochi kinatosha. Maharage ya saa mbili yapikwe kukiwa na mtu wa pili nyumbani. Akitoka jikoni, achukue mwiko mkononi. Mwiko sebuleni unauliza wenyewe unatoka wapi. Usiku wewe funga gesi kwenye mtungi, usiishie kwenye kitasa cha jiko. Msikimbilie mkaa kama njia salama zaidi: ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa yenye sumu ambayo nayo huleta maumivu ya kichwa na kuchanganyikiwa.

Pesa za simu zitazameni pia. Namba ya siri isiandikwe nyuma ya simu wala kutajwa kwa wakala. Kabla ya kuthibitisha, asome kwa sauti jina la mpokeaji na kiasi. Ikienda kusiko, pigeni huduma kwa wateja mara moja, kabla haijatolewa. Malipo makubwa, ada na kodi ya nyumba, mfanye wote wawili mkiwa mmekaa, katika siku za mzunguko ambazo kichwa chake kiko chepesi.